Viatu Vyeupe

Rehani alipofika kituo cha maji, kule juu Kinole, aliyempokea alikuwa mpwa wake. Binti alipiga goti kwenye tope, kikombe mikononi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu huku akihema, akakipokea kikombe. Tangu alfajiri alikuwa akikimbia, akiipanda na kuishuka milima ya Uluguru, na fulana yake ilitangaza kwa herufi kubwa: NAKIMBIA WASICHANA WASOME CHUO.

Binti aliposimama ndipo Rehani alipoviona miguuni pake. Vilikuwa viatu vyeupe ambavyo mama yake alimnunulia alipochaguliwa kusomea uuguzi. Sasa vilikuwa vyekundu kwa udongo, na kimoja kilishonwa kwa uzi wa kiroba.

Vilinunuliwa kabla mjomba hajaulizwa. Kwao Waluguru mjomba ndiye msemaji, na siku ile yeye alisema kwa ufupi tu: aolewe kwanza, chuo hakikimbii. Hakuna aliyembishia.

"Wanasema mbio hizi zitawalipia wasichana ada," binti alisema.

"Inshallah."

"Mungu akulipe, mjomba."

Rehani alimtazama usoni akitafuta kejeli, akaikosa. Heri angeiona.

Binti akamgeuza mtoto amwone babu yake. "Na huyu ni wa kike. Akifaulu, safari hii tutakuuliza kwanza, ndipo tununue viatu."

Maji ya kikombeni yalikuwa yamekwisha zamani. Rehani akaendelea kukishikilia kikombe mdomoni.