Mgomba wa Kitovu

Sheria ya vinasaba haikuruhusu aina moja ya mgomba iote kwa watu wawili, ili ugonjwa ukiingia usimalize mashamba yote. Ma Kokugonza hakuwa na wasiwasi. Mgomba wake aliachiwa na mama mkwe, na chini yake alikizika kitovu cha bintiye, Kemilembe.

Bibi shamba aliyekuja kukagua akachana kipande cha jani la mgomba huo, akakitia kwenye mashine. Taa nyekundu ikawaka.

"Mama, alama zote zinalingana na za mgomba mmoja ulioko Muleba. Kwa Kemilembe."

Chipukizi la mgomba wake Ma Kokugonza alimpa bintiye mwenyewe siku alipoolewa, kama kila mama afanyavyo. Ukweni kwa binti wanauita mgomba huo jina jingine kabisa, ndiyo maana alijiona salama.

"Lazima mmoja ung'olewe," akasema bibi shamba.

"Mwulizeni kwanza mwanangu! Hawezi kukubali kitovu chake kifukuliwe."

"Tulimwuliza asubuhi. Pale kwake amezika cha mwanawe."

Akamwonyesha karatasi ya idhini: ung'olewe mgomba wa mama. Sahihi ilikuwa ya Kemilembe, imenyooka.