Gunia la Arusi

Hakuna binti aliyeolewa Mombasa bila mama yake kujitolea asubuhi moja kuokota takataka ufuoni na kujaza gunia. Sheria ilifanya kazi vizuri kupita kiasi: mchanga wa Bamburi ulitakata, na mabinti waliendelea kuposwa.

Bi Mishi alipewa mpaka adhuhuri. Akishindwa, arusi ya bintiye Saumu ingeahirishwa mwaka mzima, na gunia lilikuwa nusu tu. Akatazama huku na huku, askari wa ufuo asimwone, akavua ndala moja na kuiacha mchangani. Alipoinama kuiokota, mkono mwingine ulikuwa umewahi.

"Hiyo yangu, shoga!"

"Ingekuwa yako ungekuwa umeivaa," alisema Bi Rukia, mama wa bibi arusi mwingine, akiitia guniani mwake.

"Nimeiangusha sasa hivi."

"Sema kwa sauti, askari asikie nani anatupa taka ufuoni."

Bi Mishi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akampigia simu mumewe.

"Baba Saumu, niletee vikombe vya plastiki, na ile ndoo."

"Vikombe vilikwisha guniani tulipomwoza Asha. Ndoo ilikwenda tulipomwoza Mwanahamisi."

"Basi leta chochote kilichobaki."

"Mke wangu, humu ndani nimebaki mimi na kiti."

"Njooni wote wawili!"

Alicheka tena, akangoja mumewe acheke naye. Alichosikia ni kiti kikiburutwa polepole sakafuni.