Injini Inalazwa

Fundi Jecha alijaza dizeli tangini mpaka pomoni, akafunga kifuniko, kisha akaanza kutafuta kitu kingine cha kufanya.

Kazi ilitakiwa iwe imekwisha tangu juzi. Injini ya kinu cha unga pale Ng'ambo ilikuwa inalazwa, ikae muda mrefu bila ya kuwashwa, na kulaza injini ya dizeli si uchawi. Unaiwasha ipate moto, unamwaga oili chafu, unatia safi, unatoa maji yote, unajaza tangi ili unyevu usipate nafasi. Ni kazi ya siku moja, mbili ukiwa mvivu. Jecha alikuwa na wiki nzima pale, na hakuwa mvivu.

Alimtaka Shemsa, basi.

Kinu kilikuwa cha marehemu baba yake Shemsa. Tangu bibie apewe talaka, hakikusaga hata kibaba. Leo jua likizama eda yake inakwisha, na kesho asubuhi kaka yake, Usi, anakuja kumchukua wahamie Kiwengwa. Huko yuko Simai, mwenye minazi, ambaye inasemekana amekwisha kushona kanzu mpya.

Jecha aliyajua yote hayo. Lakini kila akifungua kinywa aseme lililo moyoni, zilitoka habari za grisi.

"Hewa ya chumvi inakula chuma," alisema, akipaka mahali alipokwisha kupapaka.

Shemsa alikuwa mkekani karibu na mlango, akichagua mchele pamoja na shangazi yake, Bi Wanu.

"Ushatia oili kwenye silinda?" aliuliza bila ya kuinua macho.

"Nshatia."

"Tia tena. Sitaki ishike kutu."

Akatia tena, akaizungusha injini kwa mkono, taratibu, ili oili ienee. Aliona raha kuamrishwa.

Bi Wanu alisonya. "Fundi, mficha uchi hazai."

"Naam, Bi Wanu?"

"Nasema jua linakwenda."

Jecha akaziba bomba la ekzosi kwa tambara lenye oili, mijusi wasije wakafanya nyumba. Akalegeza mkanda. Akafunika turubai, akalifunua, akalifunika tena kwa upande wa pili. Hapo kazi ikamwishia kabisa, na hofu ikamshika kweli. Aliiona kesho: mlango una kufuli, Shemsa hayupo, na yeye amesimama barabarani na spana zake.

Nje watoto waliitwa waingie ndani. Msikitini muadhini alikohoa, akisafisha koo.

"Hujasahau kitu, fundi?" aliuliza Shemsa. Safari hii aliinua macho, na mchele ulikuwa umemmwagikia mapajani.

Jecha alifuta mikono kwenye suruali.

"Bi Wanu, kuwa shahidi," alisema. "Nilimwacha kwa talaka moja tu, na eda haijakwisha. Mke wangu nimemrejea."