Alama ya Kutoa

Kwa mara ya nne asubuhi hiyo, Suhaila alijifungia chooni, akafunua tasnifu ukurasa wa arobaini na moja, akapiga hesabu upya nyuma ya bahasha. Jibu halikubadilika.

Akatoka. Ilikuwa saa tatu kasoro robo, na utetezi ulipangwa saa tatu kamili, chumba cha mwisho cha jengo la chuo pale Usagara. Alikwenda hadi dirishani, akarudi, akaketi, akainuka tena.

Miaka miwili nyuma hakujua hata kusoma mlinganyo. Yeye alikuwa mtu wa mbu: kuwanasa, kuwapasua, kuwatazama kwa hadubini. Kisha chuo kikaanzisha shahada ya uzamili inayochanganya baiolojia na hesabu, ndipo akakutana na Idarusi, aliyetokea upande wa hesabu. Kila Jumatano walikaa pamoja. Idarusi alimfundisha milinganyo. Yeye alimfundisha kumjua mbu jike na dume.

Sasa Idarusi alikuwa amesimama koridoni, shati limenyooka kwa pasi.

"Mwalimu," Suhaila alimwita, kama alivyozoea kumtania. "Hebu tazama hapa. Mstari wa tatu."

Idarusi alisoma. Akasoma tena.

"Mbu wanaohamia," alisema taratibu. "Wamewekewa alama ya kutoa."

"Na wao wanaingia, hawatoki. Ndiyo maana ile mitaa ya chini ya Makorora inaonekana salama. Jumatatu wapuliza dawa wanaanza kazi kwa orodha iliyotokana na hesabu hii, na mitaa ile haimo."

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

Idarusi aliutupia jicho mlango, akashusha sauti. "Basi tunyamaze, Bi Suhaila. Leo tu. Wale mle ndani hawataona. Tutarekebisha baadaye, kimyakimya."

"Na homa nayo itasubiri hiyo baadaye?"

"Miaka miwili yote itakwenda na maji!"

Ilikuwa kweli. Laiti asingejifunza ile hesabu. Angebaki na mbu wake, asingeona kitu, na siku ingepita kwa vicheko na picha za ukumbusho. Alikunja bahasha, akaikunjua, akaikunja tena hadi ikachanika.

Mlango ukafunguliwa. Consolata, karani wa idara, akachungulia.

"Karibuni. Mnasubiriwa nyinyi tu."

Idarusi alimtazama Suhaila kwa macho ya kusihi. Suhaila akainamisha uso, wakaingia pamoja.

Ndani, watahini wawili waliinuka kidogo kwa heshima. Suhaila akazunguka meza, akaketi kati yao, kwenye kiti cha mwenyekiti wa jopo.

"Simama, Idarusi," alisema. "Itetee tasnifu yako. Anza wewe mwenyewe na lile kosa."