Mistari ya Begani

"Wewe ndiye utakayemwambia," Hesbon alisema. "Sisi wengine tukisema, anatia masikio pamba."

Linet aliwatazama. Marubani wenzake walikuwa wameketi juu ya masanduku ya vipuri ndani ya karakana ya uwanja wa ndege wa Malindi, jasho likiwatiririka, na kila mmoja aliyakwepa macho yake. Uamuzi ulikuwa umekwisha kupita. Mchana huo Mkurugenzi angeombwa ang'atuke kwa hiari yake. Akikataa, kesho hakuna rubani atakayepanda ndege, na shirika alilolianzisha kwa ndege moja ya kubebea magazeti lingekufa.

Si kwamba walikuwa na pupa. Walimvumilia mpaka wakachoka. Aliuza ndege mbili ndogo, zile za safari za Lamu zilizokuwa zikiwalisha wote, kisha akaagiza ndege kubwa ambayo uwanja wa Malindi, kwa ufupi wa njia yake, haungeweza kuipokea. Alipoulizwa itatua wapi, alitabasamu tu. Asubuhi alipitisha mpango wa miaka kumi. Jioni akauliza ni nani aliyeupitisha. Hesbon aliuita huo ujeuri wa tajiri asiyetaka kuulizwa. Linet naye, kwa uchungu, aliuita hivyo hivyo. Tangu wazozane juu ya zile ndege za Lamu, yeye na Mkurugenzi hawakuwa wakizungumza ila ya kazi.

Na ya kazi yalikuwa na adabu yake. Katika shirika lile hapakuwa na mjomba wala shangazi, wala shikamoo. Ulikuwa Kapteni, ama Fundi, ama Mkurugenzi, basi. Sheria hiyo aliiweka mzee mwenyewe zamani, na sababu yake ilikuwa nzuri: kijana akimwona aliyeshika usukani kama babake, ataona haya kumkosoa, na ndege itaingia baharini na heshima zake zote. Marubani waliipenda sheria hiyo. Siku hizi tu ndipo walipoanza kunung'unika kwamba mzee amezidi. Kwanza anakutazama begani, akaikagua mistari ya cheo, ndipo akusalimie. Haoni watu, walisema, anaona mistari.

Linet alipiga moyo konde, akavuka uwanja kwenye jua kali.

Easter, katibu wa Mkurugenzi, alikuwa amesimama mlangoni. Siku hizi hakuna aliyemwona mzee bila Easter kukaa kando yake, akidakia majibu kabla hajayatoa. Jambo hilo nalo liliwaudhi marubani.

"Hakulala vizuri," Easter alisema kwa sauti ya chini. "Kapteni, tafadhali, njoo kesho."

"Kesho hakuna, Easter. Na leo nataka kumwona peke yake."

Easter alimtazama kama mtu mwenye neno mdomoni, akalimeza, akampisha.

Mkurugenzi alikuwa dirishani, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akiitazama njia ya kurukia. Aligeuka. Macho yake yalishuka begani kwa Linet, yakatulia pale penye mistari minne.

"Karibu, Kapteni. Lamu mmeionaje leo?"

Lamu! Hawajaenda Lamu tangu auze ndege kwa mkono wake mwenyewe. Linet aliona anakejeliwa, na hasira ikampanda. Hasira hiyo ilimfaa, maana bila hiyo asingeweza kufungua kinywa.

"Mkurugenzi, nimetumwa na marubani. Tulikwambia mara ya kwanza, tukakwambia ya pili. Ndege hii kubwa itatuzamisha. Hakuna pa kuitua, hakuna abiria wa kuijaza. Watu wana wazee wao Rabai, wana watoto shuleni Kilifi, wote wanawategemea. Wanataka kujua shirika hili linaelekea wapi."

"Wana haki," alisema mzee taratibu. Alikaa, akaikunja mikono juu ya meza.

"Basi tunakuomba upumzike. Uondoke kwa heshima yako, kabla mgomo wetu wa kesho haujakuondoa kwa aibu."

Neno lilipomtoka, moyo ulimkatika. Mikono ile mezani ndiyo iliyomwonyesha namna ya kushika usukani bila kuukaba. Alimpenda mzee huyu, na hata hasira haikuweza kulificha hilo. Afadhali angemfokea. Afadhali angepiga meza, amfukuze, amwite mtovu wa shukrani, naye apate la kumjibu.

Mzee hakufoka.

"Nikiondoka, nimwachie nani?"

"Yeyote unayemwamini."

Linet alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza mwaka huu Mkurugenzi alikuwa akisikiliza. Pengine angekubali. Pengine wangetoka wote wawili kwa mlango ule ule, na karakana nzima imshangilie.

Uso wa mzee ulikunjuka. Aliinama mbele, kama mtu anayetoa siri njema.

"Ninaye. Nivumilieni kidogo tu, Kapteni. Ile ndege kubwa nimemwagizia yeye. Tangu yu mdogo, kwetu Ganda, kila ndege ikipita juu hutoka mbio uani akipiga kelele kwamba ataendesha kubwa kushinda yangu." Aliitazama tena mistari ya begani, kwa adabu ya mtu na mgeni. "Yuko Nairobi, anasomea urubani. Binti yangu, aitwa Linet. Ukifika huko, tafadhali, mpitie umwambie baba yake anamngoja."