Kidole cha Mwalimu

"Dawa hii mnamdunga kila mtu?" aliuliza mwalimu aliyemfundisha Mbuvi darasa la nne. Mwalimu alikuwa amelala kwenye kitanda cha mashine ya MRI.

Mbuvi alisimama na sindano mkononi, kiuno kikimuuma tangu asubuhi. Dawa ilikuwa ya kung'arisha picha. Daktari alikuwa ameagiza idungwe tu iwapo picha za kwanza zitaonyesha kitu kichwani. Zilikuwa zimeonyesha.

"Ni kawaida tu, mwalimu. Kila mtu anadungwa."

Alikwisha kuwaambia hivyo wagonjwa wengi, hata ulimi ukauzoea uongo huo. Macho ndiyo yaliyomuumbua. Yalishuka hadi miguuni mwa mwalimu, kwenye kidole kile kilichopinda, ambacho Mbuvi alikuwa akikikodolea macho darasani kule Mkongani kila alipoulizwa daftari liko wapi.

Mwalimu akapandisha mkono wa gauni la hospitali, akaunyoosha mkono wake.

"Hata kuhusu daftari ulikuwa ukinijibu hivyo, huku ukikitazama kidole hicho," alisema taratibu. "Haya, mwanangu. Inua macho sasa, usije ukaukosa mshipa."