Miche Ndani ya Kamba

"Himalaya na ishangilie!" Guruji, mpimaji wa mimea, alitangaza, kisha akateleza na kukaa matopeni. "Mialoni inaota tena!"

Bishni, msichana wa shule ya bweni aliyemsindikiza, alijiuma mdomo asicheke, ila miguu haikutulia. Ndani ya eneo lililozungushiwa kamba ya kupimia, miche ilisimama wima kama wanafunzi wa bweni wakikaguliwa. Kama Guruji asingekuta miche mipya, msitu ungefungwa watu wasiingie, na mama yake angekosa majani ya kulisha ng'ombe.

Guruji aling'oa mmoja polepole. Udongo ukadondoka. Mizizi ilikuwa imejisokota duara, umbo la kopo la majani ya chai.

"Haya binti, huyu mwaloni wa porini kalelewa kwenye kopo la nani?"

Bishni akatazama viatu vyake.

"Langu, Guruji. Miche yote niliiotesha dirishani bwenini. Nimeipanda hapa alfajiri."